Chombo Kisicho na Mdomo

Kuna maneno yanayosemwa sana majumbani mwetu na shuleni mwetu, nayo husemwa kwa sauti ya mtu mwenye hakika. Husemwa kwamba kichwa ni cha masomo, na mikono ni ya wale ambao masomo yamewashinda. Mtoto apatapo alama nzuri huambiwa awe daktari, mwanasheria au mhandisi. Apatapo alama mbaya huambiwa, kwa huruma iliyochanganyika na dharau, "Basi, nenda ukajifunze kazi ya mikono." Insha hii imeandikwa kuyapinga maneno hayo. Nasema kwamba si ya kweli. Kwamba yana madhara. Na kwamba wewe, msomaji, umo katika umri ambao madhara hayo yaweza kukupata au kukukosa.

Nisije nikashutumiwa kwamba natetea kazi za mikono kwa maneno ya jumla, nitaleta shahidi mmoja tu. Sitaleta kazi kubwa kama kujenga daraja, wala kazi yenye heshima kama kumpasua mgonjwa, ambayo nayo ni kazi ya mikono ijapokuwa hakuna athubutuye kuiita hivyo. Nitaleta kazi ambayo wengi huidharau kupita zote, yaani ufinyanzi. Na katika ufinyanzi nitachagua jambo moja dogo: kufinyanga, juu ya gurudumu, chombo cha mviringo kilichofungwa pande zote, tufe la udongo lenye uwazi ndani na lisilo na mdomo. Shahidi huyu akishindwa, nami nimeshindwa. Lakini akishinda, wale wasemao kwamba mkono hauhitaji akili watakuwa na deni la kujibu.

Na tuitazame kazi yenyewe kabla ya kuihukumu, kwa kuwa dharau nyingi ni dharau za watu wasiotazama.

Mfinyanzi huanza kwa kuukanda udongo, kama mwanamke akandavyo unga wa chapati lakini kwa nguvu zaidi, hata usibakie na povu la hewa wala uvimbe mgumu. Kisha hulibandika donge, tuseme la kilo 1, katikati ya gurudumu. Huilowesha mikono yake, akalizungusha gurudumu kwa kasi, akalibana donge kwa viganja mpaka litulie. Neno hili, kutulia, lina maana yake katika kazi hii. Donge lililotulia huzunguka upesi, lakini macho huliona kana kwamba limesimama, maana kila upande wake ni sawa na mwenzake. Donge lisilotulia huyumba, na kuyumba huko hakufichiki. Kila hatua ifuatayo hukuza kosa la hatua ya kwanza: ukuta utakuwa mnene upande huu na mwembamba upande ule, na siku ya kufunga, chombo kitapinda.

Donge likiisha kutulia, mfinyanzi hulitoboa kwa vidole, akaacha kitako cha unene wa kadiri, akaanza kuuinua ukuta. Mkono mmoja huwa ndani, mwingine nje. Udongo hupita katikati ya ncha za vidole na kupanda juu. Hapa hukutana na sheria ambayo hakuitunga yeye wala hawezi kuitangua. Kitu kinachozunguka hutaka kwenda nje. Ndiyo sababu wanaoanza kujifunza hukusudia kufanya kikombe wakatoka na bakuli, na wakikusudia mtungi hutoka na bakuli pana zaidi. Bakuli hujizaa lenyewe, maana kasi ya gurudumu hulisaidia. Tufe haliwezi kujizaa. Kila kidole cha ukuta wake wa juu lazima kirudishwe ndani dhidi ya mwendo unaotaka kukitoa nje.

Mfinyanzi, basi, huinua kwanza mcheduara mrefu. Huutanua sehemu ya kati kwa vidole vya ndani, ukawa tumbo. Kisha huuzunguka mdomo kwa mikono miwili, kama mtu amshikaye mtoto shingoni kwa upole, akaubana kidogo kidogo. Duara la mdomo likipungua, udongo uliokuwa katika duara kubwa hauna pa kwenda. Huwa mnene, au hujikunja. Kwa hiyo kila baada ya kuubana hana budi kuukonda tena kwa kuupandisha, kisha kuubana tena, kisha kuukonda. Akifanya haraka, ukuta hujisokota kama nguo ikamuliwayo. Akizidisha maji, bega la chombo hulegea. Akililaza bega mno, huanguka ndani. Lazima lipande kwa mviringo kama kuba la msikiti, ili kila sehemu iegemee mwenzake, maana udongo mbichi hauna nguvu ya kujishikilia ulalapo.

Hufika wakati mkono hauingii tena ndani. Huingia vidole viwili, kisha kimoja, kisha hakiingii hata kimoja. Kabla ya hapo mfinyanzi mwenye busara ameyanyonya maji yaliyosalia kitakoni kwa sifongo iliyofungwa kwenye kijiti, kwa kuwa yakifungiwa ndani atakuwa amefungia maangamizi ya chombo chake. Tangu hapo hafanyi kazi kwa macho wala kwa kugusa pande zote mbili. Hufanya kazi kwa kukumbuka: alikwisha kujua ukuta una unene gani mahali gani, na sasa anautegemea ujuzi huo. Niambie, msomaji, ni mtihani gani wa darasani unaomdai mtu akumbuke kwa namna hiyo, na unaomwadhibu papo hapo akisahau?

Hatimaye mdomo hubaki tundu dogo. Mfinyanzi hulibana, hulisokota, hukikata kincha kinachobaki, na chombo hufungika. Hapo hali ya chombo hubadilika. Dakika moja iliyopita ukuta ulikuwa ukijishikilia wenyewe, na kuugusa kwa nguvu kungeuangusha. Sasa umeshikwa na hewa iliyofungiwa ndani. Mfinyanzi akibonyeza begani kwa kibao, bega halianguki. Hushuka kidogo, na tumbo likatanuka kidogo, kama mpira uliobonyezwa. Anaweza kukifanya chombo kiwe duara kamili, au kiwe kama yai, au kibapate kama boga. Robert Boyle wa Uingereza alieleza mwaka 1662 jinsi hewa ibanwapo katika nafasi ndogo inavyozidi kusukuma. Mwanafunzi aliyeisoma kanuni hiyo ubaoni ameijua kwa macho. Aliyelifunga tufe ameijua kwa ngozi ya vidole vyake, na kanuni iliyojulikana hivyo haisahauliki baada ya mtihani.

Wala kazi haijakwisha. Udongo ukaukapo husinyaa; udongo mwingi hupungua kadiri ya sehemu 5 hadi 8 katika kila 100. Lakini hewa iliyo ndani haikubali kusinyaa pamoja nao. Ukuta hujivuta, hewa hukataa, na ukuta ukapasuka. Kwa hiyo chombo kikianza kukakamaa, mfinyanzi hukitoboa tundu jembamba kwa sindano mahali pasipoonekana upesi. Akitoboa mapema, chombo hupoteza mhimili wake na kubonyea. Akichelewa, hukuta ufa. Wazee walisema udongo uwahi ungali maji; na katika kazi hii methali hiyo si pambo la maneno, ni amri.

Kisha huja moto, na moto nao una somo lake. Watu wengi husema kwamba hewa ndiyo ilipuayo vyombo katika joko. Hawajachunguza. Mlipuaji mkubwa ni maji yaliyojificha ndani ya udongo unaodhaniwa kuwa mkavu. Lita 1 ya maji igeukapo mvuke hutaka nafasi ya kadiri ya lita 1,600, na ikiwa mvuke huo hauna njia ya kutoka, huitengeneza njia. Hewa nayo haikosi lawama katika chombo kilichozibwa kabisa: ikipashwa moto mpaka nyuzi 1,000 za Selsiasi, hutaka nafasi iliyozidi mara 4 ile ya kwanza. Tundu la sindano huitolea hewa mlango. Kukausha kwa subira na kupandisha moto polepole ndiko kutoako maji. Mfinyanzi aliyekosa subira hufungua joko akakuta vigae.

Sasa, msomaji, toa hukumu ya kwanza. Je, kazi niliyoieleza ni kazi ya mtu asiyefikiri? Ndani yake mna jiometria ya duara na kuba, mna elimu ya hewa na mvuke, mna maarifa ya jinsi vitu vinavyopanuka na kusinyaa. Na juu ya hayo yote mna uamuzi wa haraka usioweza kuahirishwa. Tofauti pekee kati ya maarifa haya na yale ya daftari ni kwamba haya hayavumilii kunakiliwa. Unaweza kunakili jibu la jirani yako katika hesabu. Huwezi kunakili tufe.

Wapinzani wangu hawatanyamaza, na ni haki wasikilizwe. Wa kwanza atauliza, "Chombo kisicho na mdomo kina faida gani? Hakiteki maji, hakipiki ugali, hakihifadhi nafaka. Mnawapotezea vijana wakati."

Ajabu ya swali hili ni kwamba jibu lake limo katika lugha anayoisema. Kuna chombo kiitwacho kibubu, cha kuwekea akiba ya fedha. Jina lake limetokana na ububu: hakina mdomo wa kusemea, na alichokimeza hakirudishi. Mfinyanzi akilifunga tufe, akalikata ufa mwembamba wa kupitishia sarafu, amefanya kibubu. Na mwenye fedha akitaka kuzitoa kabla ya wakati, hana budi kukivunja chombo na kuiona aibu ya haraka yake. Akilikata tufe katikati kwa kisu, hupata kopo na kifuniko chake, navyo hukaliana sawasawa kwa kuwa vilizaliwa ukuta mmoja. Akitia punje za udongo ndani kabla ya kufunga, amefanya manyanga ya mtoto. Akilitia shingo, mkono na mdomo wa kumiminia, amepata birika.

Tena na tumkumbushe mpinzani huyu jambo moja kubwa. Zaidi ya miaka 5,000 iliyopita, huko Susa katika Iran na Uruk katika Iraki, watu walifanya madonge ya udongo yenye uwazi ndani, wakatia humo vipande vidogo vya udongo vilivyohesabu kondoo, nafaka au mafuta, kisha wakayaziba ili hesabu isichezewe. Hayakufinyangwa kwa gurudumu, bali kwa mkono mtupu. Lakini yalikuwa yale yale, matufe yasiyo na mdomo. Kwa kuwa huwezi kuisoma hesabu iliyofungiwa ndani bila ya kulivunja donge, watu walianza kuzipiga alama juu yake. Mtaalamu Denise Schmandt-Besserat, aliyeyachunguza kwa miaka mingi, ametoa hoja kwamba alama hizo ni hatua mojawapo katika njia iliyoelekea kwenye maandishi. Ikiwa hoja hiyo ni sawa, basi kitabu unachokisoma sasa kina ukoo na chombo kisicho na mdomo. Mtu asemaye kwamba tufe la udongo halina faida analisema hilo kwa msaada wa elimu ambayo huenda tufe lilisaidia kuileta.

Mpinzani wa pili husimama kwa jina la utamaduni. Atasema, "Gurudumu si letu. Mama zetu walifinyanga bila gurudumu. Kumfundisha kijana wa Kenya kazi hiyo ni kumfundisha ugeni."

Katika maneno haya mna ukweli, nami naupokea. Wafinyanzi wa Waluo, Wakamba, Wakikuyu na jamaa nyingine nyingi, aghalabu wanawake, wameinua mitungi mikubwa yenye matumbo ya mviringo kwa mikono yao tu. Chungu hutulia mahali pake, na mfinyanzi ndiye akizungukaye. Asiyeuona ujuzi katika kazi hiyo hana macho. Lakini gurudumu si geni kwa Afrika. Misri ya kale ilikuwa nalo zaidi ya miaka 4,000 iliyopita, na Wamisri walisimulia kwamba mungu wao Khnum aliwaumba wanadamu juu ya gurudumu la mfinyanzi. Wala kukutana kwa njia hizi mbili si lazima kuwe ni kuuana.

Ushahidi upo karibu nasi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Mwingereza Michael Cardew alianzisha kituo cha kufundishia ufinyanzi huko Abuja katika Nigeria, mji ambao leo unaitwa Suleja. Mwaka 1954 kituo hicho kilimpokea Ladi Kwali, mwanamke wa Wagwari aliyekwisha kuwa bingwa wa mitungi ya mkono. Alijifunza gurudumu, lakini hakuitupa kazi ya mama zake. Aliendelea kuizunguka mitungi yake mikubwa, na sifa zake zikaenea duniani. Leo Nigeria imeiweka sura yake nyuma ya noti ya naira 20. Na katika miaka ya 1970 alifika Abuja kujifunza binti aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, Magdalene Odundo. Vyombo vyake vya mviringo, vilivyong'arishwa na kuchomwa hata vikawa vyekundu au vyeusi, vimo katika majumba makubwa ya makumbusho ya dunia. Naye huvijenga kwa mkono, si kwa gurudumu.

Labda mpinzani atashangilia hapa na kusema kwamba nimejishinda mwenyewe. La. Sikusema kwamba gurudumu ni bora kuliko mkono. Nilisema kwamba mkono una akili. Na anayeinua tumbo la mtungi kwa kamba za udongo, akalirudisha ndani kuelekea shingoni bila ya kuliangusha, hupambana na sheria zile zile za uzito na kuba ambazo mwenye gurudumu hupambana nazo. Hata Wakorea wa karne ya 17 na ya 18, mabingwa waliosifiwa kwa mitungi myeupe ya duara iitwayo mitungi ya mwezi, waliona kwamba udongo wao laini haukubali kuinuliwa duara zima kwa mara moja. Walifinyanga mabakuli mawili makubwa, wakayaunganisha midomo, na mahali pa kiungo tumbo la mtungi huonekana limepinda kidogo. Hawakuona haya kwa kupinda huko. Kila taifa limeujibu mtihani huu wa duara kwa namna yake. Kwa nini sisi tukatae kuukalia?

Mpinzani wa tatu ndiye mzito kuliko wote, na nitamjibu kwa adabu kwa sababu anazungumza kwa uchungu wa historia. Atasema, "Kazi za mikono ndizo walizotupa wakoloni ili watunyime elimu ya kweli." Hasemi uongo. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes ilizuru Afrika ya Mashariki, na mashauri yake yalitilia nguvu elimu ya kilimo na ufundi kwa Waafrika. Wazazi wengi waliikataa elimu ya namna hiyo, nao walikuwa na haki ya kuikataa. Waliona wazi kwamba mtoto wa mtawala anafundishwa kutawala, na mtoto wao anafundishwa kutumikia.

Lakini dhambi ya elimu ile ilikuwa wapi? Je, ilikuwa katika udongo, katika randa, katika jembe? Haikuwa humo. Dhambi ilikuwa katika kugawanya: kusema kwamba watu hawa ni wa kichwa na watu wale ni wa mikono, na kwamba mgawanyo huo ni wa haki na wa milele. Sasa tazama tunavyofanya leo. Mtawala ameondoka tangu mwaka 1963, lakini mgawanyo wake tumeuhifadhi. Tumebadilisha tu watu wanaokaa katika kila upande. Zamani rangi ya ngozi ndiyo iliyoamua nani ni wa mikono. Leo alama za mtihani ndizo ziamuazo. Anayeidharau kazi ya mikono kwa sababu wakoloni waliitumia vibaya, amelichukia jembe akamwacha mwenye kulipora shamba. Kuwashinda kwa hakika ni kuvunja ukuta walioujenga katikati ya kichwa na mkono.

Tumekwisha kujaribu na kurudi nyuma. Mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, ulilitia somo la sanaa na ufundi katika shule za msingi na hata katika mtihani wa mwisho wa darasa la 8. Baadaye somo hilo likaondolewa katika mtihani. Na kwa kuwa tumezoea kufundisha kile tu kinachotahiniwa, udongo ukatoka madarasani. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa mwaka 2019, umeigawa sekondari ya juu katika njia tatu, na mojawapo ni ya sanaa na michezo. Mlango umefunguliwa tena. Lakini mlango hauna faida ikiwa kila apitaye huchekwa. Tukiifanya njia hiyo kuwa jaa la kutupia wanafunzi wasiotakiwa kwingine, tutakuwa tumeirudisha dhambi ya mwaka 1924 kwa jina jipya, na safari hii hatutakuwa na mkoloni wa kumlaumu.

Kuna mpinzani wa nne, mcheshi, ambaye atatukumbusha kwamba mfinyanzi hulia gaeni. "Tazameni," atasema, "mwenye kufinyanga vyombo vya watu hana chombo cha kulia. Huo ndio mwisho wa kazi yenu." Siwezi kukana kwamba wafinyanzi wengi ni maskini, wala sitamdanganya kijana kwamba udongo utamtajirisha. Sufuria na ndoo za plastiki zimewanyang'anya wafinyanzi soko, na hazitarudi zilikotoka. Lakini isikilizeni methali yenyewe kwa makini. Haisemi kwamba mfinyanzi ni mjinga. Yasema kwamba walimwengu hula katika vyombo vyake vizima, na yeye wakamwachia kigae. Hiyo si aibu ya mfinyanzi. Ni aibu ya walaji. Jamii inayomlipa senti fundi wake, kisha ikamtaja umaskini wake kuwa dalili ya upungufu wa akili, imemwibia mara mbili.

Na wa mwisho atasema kwamba mashine hufanya yote haya vizuri zaidi. Kiwanda humimina uji wa udongo katika kalibu ya plasta, kikatoa vyombo elfu vilivyofanana. Ni kweli. Ikiwa kusudi letu ni kupata vyombo elfu, twende kiwandani. Lakini mashine za hesabu nazo hujumlisha upesi kuliko mtoto ye yote, na bado twamfundisha mtoto kujumlisha, kwa kuwa tunachokitaka hasa ni mtoto ajuaye hesabu. Vivyo hivyo katika udongo. Shule haihitaji matufe. Inahitaji kijana aliyekwisha kujifunza kutuliza donge kabla ya kuliinua, kutegemea kumbukumbu pale macho yasipofika, kungoja wakati wa kutoboa, na kulifungua joko akayakubali yaliyomo bila ya kumsingizia mtu.

Jambo hilo la mwisho lina uzito wa pekee. Udongo haujui baba yako ni nani. Hausomi jina la shule yako, haupokei rushwa, wala hauongezi alama kwa sababu ya kuhurumia. Ukifungia maji ndani, chombo kitapasuka kwa mtoto wa waziri kama kitakavyopasuka kwa mtoto wa mchungaji wa ng'ombe. Katika nchi ambayo malalamiko ya upendeleo husikika kila siku, ni jambo jema kijana akutane mapema na mwamuzi asiyependelea. Atokaye mbele ya mwamuzi huyo hujua kazi njema ni nini, na hatadanganyika kwa urahisi aonapo daraja lililojengwa kwa saruji haba au hesabu za serikali zilizopambwa.

Basi, wewe unayeisoma insha hii, sikuombi uwe mfinyanzi. Ukitaka kuwa daktari, kuwa daktari; mikono yako itahitajika huko pia. Nakuomba mambo mawili. La kwanza, siku utakapomwona mtu ameinama mbele ya gurudumu, au mama ameuzunguka mtungi wake chini ya mti, usipite kwa haraka. Simama, tazama, kisha omba donge ujaribu. Donge litakushinda, na hapo utakuwa umeanza kujifunza. La pili, utakaposikia mtu akisema tena kwamba mikono ni ya walioshindwa na masomo, usicheke pamoja naye, wala usinyamaze. Mwulize kama anaweza kulifunga tufe. Kama hawezi, mwambie kwamba kuna somo ambalo yeye mwenyewe limemshinda, na kwamba bado hujamdharau kwa sababu hiyo.

Nanyi walimu na wazee, wenye funguo za shule, uwekeni udongo mezani palipo vitabu, si badala yake wala chini yake, bali kando yake. Gharama yake ni ndogo; udongo wa kufinyangia wapatikana kwenye kingo za mito na mabonde mengi ya nchi hii, na gurudumu la kuzungushwa kwa mguu laweza kuundwa na seremala. Vijana wenu wangali wabichi. Uwahini udongo ungali maji.